Maumivu ya kiuno baada ya kujifungua: nichague mazoezi yapi?

Mwanzisha uzi (mwalimu, Mukono)

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, ambaye mdogo wao ametimiza miezi miwili hivi karibuni. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, na sehemu ndogo niliyoshonwa imekwisha kupona. Kinachonisumbua ni kiuno. Maumivu yako upande wa kulia, chini kabisa, karibu na pale kalio linapoanzia, na huwa makali ninapogeuka kitandani usiku ili kumnyonyesha mtoto, au ninapopanda bodaboda na kukaa upande kama tulivyozoea. Nikimaliza kufua, mgongo wote huwa mzito hadi usiku.

Nimepewa ushauri wa aina tatu ambao haupatani. Mama mkwe wangu anataka nifunge tumbo kwa leso na nipunguze kuinuka. Rafiki yangu anayekwenda jimu Kampala ananihimiza nilale chali na kuinua kiwiliwili mara mia kila siku, kwa kuwa anaamini tumbo likirudi ndani mgongo nao utapona. Jirani yangu anasema kazi za nyumbani ni mazoezi tosha. Likizo yangu ya uzazi, zile siku 60 za kazi zilizowekwa na Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, inakaribia kwisha, na nikirudi shuleni nitasimama mbele ya darasa tangu asubuhi. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni mazoezi gani yanayofaa maumivu ya namna hii, na yapi niyaache.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Jinja

Mwalimu, hongera kwa kujifungua salama. Umesema maumivu yako mahali gani na yanaamshwa na nini, na hayo ndiyo maelezo yanayochagua zoezi. Ukubwa wa tumbo, ambao ndio unaowashughulisha wengi, hautuelezi mengi.

Wakati wa ujauzito mwili hutoa homoni, mojawapo ikiwa relaksini, zinazolegeza kano zinazoshikanisha mifupa ya nyonga. Kano hizo hazikazi siku ile mtoto anapozaliwa. Huchukua miezi kadhaa. Misuli ya tumbo nayo imevutwa kwa muda mrefu, na ile miwili mirefu inayoteremka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena mara nyingi huwa imeachana katikati. Misuli ya chini ya nyonga, ile tunayoikaza tunapozuia mkojo, ilibeba uzito wa ujauzito kisha ikatanuka mtoto alipopita. Kwa hiyo kiuno kimepungukiwa na wasaidizi wake wa mbele na wa chini kwa wakati mmoja, katika kipindi ambacho kuinama, kubeba na kunyonyesha kumeongezeka maradufu. Mazoezi ya kuchagua kwanza ni yale yanayowarudisha wasaidizi hao kazini.

Sasa tuangalie maumivu yenyewe, kwa sababu si yote yanayoitwa ya mgongo yanatoka mahali pamoja. Yako, yaliyo upande mmoja, chini, yanayoamka unapogeuka kitandani au unapokaa upande kwenye bodaboda, yanafanana sana na maumivu ya kiungo kinachounganisha mfupa wa nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Hayo hayapendi miguu ifanye kazi tofauti: kusimama kwa mguu mmoja ukivaa suruali, kupanda ngazi mbili kwa hatua moja, kutembea kwa hatua ndefu, kuketi huku nyonga imepindishwa. Ule uzito wa mgongo mzima baada ya kufua ni jambo jingine. Huo hutokana na misuli iliyochoka kwa kuinama juu ya beseni, nao hupungua mtu akitembea na kujinyoosha. Wapo pia akina mama ambao huumia juu zaidi, katikati ya mabega, na mara nyingi chanzo huwa ni kumwinamia mtoto wakati wa kunyonyesha, badala ya kumwinua kwa mto hadi afikie titi.

Siwezi kukupima kwa maandishi, kwa hiyo chukua haya kama mahali pa kuanzia. Lala chali kwenye mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa sakafuni. Vuta pumzi kwa utulivu, na unapoitoa kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, kisha vuta polepole sehemu ya tumbo iliyo chini ya kitovu kuelekea ndani. Makalio yasikaze, mgongo usisogee, na pumzi isizuiwe. Shika kwa sekunde tatu au tano, legeza kabisa, kisha rudia. Kadiri majuma yanavyopita utafika sekunde 10 kwa mikazo 10. Zoezi hili halionekani kwa mtu anayekutazama, ndiyo maana wengi hulidharau na kukimbilia lenye jasho. Mimi naliweka mbele ya mengine yote, kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

Likishazoeleka, weka mto kati ya magoti ukiwa hapohapo chali na uubane kwa nguvu ya wastani huku unatoa pumzi. Baadaye, ukiwa bado umeubana, inua makalio kutoka sakafuni kwa miguu yote miwili, kiasi ambacho hakikuumizi, ukae kidogo juu na kushuka polepole. Haya mawili yanakifaa kiungo cha nyonga kwa sababu pande zote mbili zinafanya kazi sawa. Lile la kupiga magoti na viganja, kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, ni zuri sana kwa mgongo, lakini kwako liachwe hadi utakapoweza kugeuka kitandani bila kuumia. Katika mkao huohuo wa magoti na viganja unaweza kukunja mgongo juu na kuushusha taratibu kila baada ya kufua.

Kuhusu kuinua kiwiliwili mara mia, nakuomba usifanye kwa sasa. Zoezi hilo huongeza mgandamizo ndani ya tumbo, na kama misuli ya katikati haijakutana, mgandamizo huo husukuma mbele pale palipo dhaifu na chini kwenye misuli ambayo bado inapona. Jipime mwenyewe: ukiwa chali na magoti yamekunjwa, inua kichwa kidogo na upapase mstari wa katikati, juu na chini ya kitovu. Pengo la kuingiza vidole viwili au zaidi, au tumbo kuchongoka katikati kama paa la nyumba, ni dalili kwamba mazoezi ya namna hiyo pamoja na yale ya kuinua miguu yote miwili kwa pamoja yasubiri. Usiogope ukilikuta pengo hilo. Lenyewe si uthibitisho kwamba ndilo linaloleta maumivu, na kwa wengi hupungua.

Nimjibu na jirani. Kufua, kufagia kwa ufagio mfupi, kumenya matoke ukiwa umeketi sakafuni na kumwogesha mtoto kwenye beseni, zote ni kazi za kuinamia mbele, saa baada ya saa, bila kuchagua kiasi. Zinautumia mgongo ule ule uliochoka na haziwagusi wasaidizi wake. Haziwezi kuhesabiwa kuwa tiba, ingawa namna unavyozifanya inaweza kuwa sehemu ya tiba: inua beseni juu ya meza au benchi imara, piga goti moja badala ya kukunja kiuno, na toa pumzi kila unapoinua kitu kizito.

Mzazi wa Mbarara

Ahsante, musawo, kwa maelezo haya marefu. Mimi nilijifungua kwa upasuaji, na nilichomwa ile sindano ya ganzi ya mgongoni. Tangu siku hiyo mgongo unaniuma, na kila mtu ninayemweleza ananiambia kuwa ni sindano na kwamba nitaishi nayo. Je, kuna zoezi la kuondoa madhara ya sindano? Na je, mshono wangu hautaachia nikianza mazoezi?

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Jinja

Nnyabo, pole sana. Hofu ya sindano naisikia karibu kila juma, na ningependa ikutoke, kwa sababu mtu anayeamini kwamba mgongo wake umeharibiwa huogopa kuusogeza, na mgongo usiosogezwa huzidi kuuma. Sindano yenyewe inaweza kuacha kidonda pale ilipoingia kwa siku chache, na baadhi ya watu hupata maumivu makali ya kichwa yanayozidi wakiketi au kusimama, ambayo yanahitaji kumwona daktari upesi. Lakini tafiti zilizolinganisha wanawake waliochomwa sindano za ganzi mgongoni na wale ambao hawakuchomwa hazikuonyesha kwamba sindano ndiyo inayosababisha maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliojifungua bila sindano nao huumwa, kwa sababu zile nilizokwisha kuzieleza, na wewe una sababu ya ziada: ukuta wa tumbo ulikatwa, na kwa majuma mengi umekuwa ukitembea umejikunja ili kuukinga mshono.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji mpangilio ni uleule ila mwendo ni wa polepole zaidi. Kupumua kwa kina, kukanyaga na kuzungusha vifundo vya miguu na kutembea hatua chache huanza mapema, mara wauguzi wanaporuhusu, kwa kuwa pia huzuia damu kuganda miguuni. Kukaza taratibu misuli ya chini kunaweza kuanza mara mpira wa mkojo ukishatolewa. Kwa majuma 6 ya mwanzo usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Na ukitaka kuketi kitandani, geuka kwanza ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Kuinua makalio na mazoezi yenye nguvu zaidi yasubiri hadi mshono ukaguliwe na kuonekana umefunga. Ukiona wekundu, usaha, joto au maumivu yanayoongezeka kwenye mshono, acha na urudi hospitali.

Juma la 6, unapompeleka mtoto kwa chanjo, ni wakati mzuri wa kumwomba mkunga akuangalie na wewe. Mtoto hupimwa, huchomwa, huandikwa kwenye kadi, na mama huondoka bila kuulizwa habari za mgongo wake. Jisemee. Hospitali za rufaa za mikoa, pamoja na hiyo ya kwenu Mbarara, zina idara ya tiba ya viungo, na mkunga anaweza kukuelekeza huko.

Bibi wa Tororo

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Sisi tulizaa watoto wengi, tukafungwa tumbo kwa kitambaa, tukakandwa kwa maji ya moto, tukakaa ndani huku mama na shangazi wakifanya kazi zote. Sikumbuki tukifundishwa kulala chali na kuhesabu. Nisingependa vijana wayatupe yale yaliyotusaidia kwa sababu hayakuandikwa mahali.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Jinja

Mama yetu, nakuheshimu, na katika uliyoyasema lipo moja ambalo lingefaa kurudishwa katika kila nyumba: kwamba kazi zilichukuliwa na wengine. Mapumziko hayo yalifanya sehemu kubwa ya tiba. Nakawere, yaani mama aliyejifungua karibuni, wa leo anayeishi katika chumba cha kupanga Kampala, bila mama wala shangazi, anainua jerikeni la maji juma lile lile alilojifungua. Maji ya moto kwenye mgongo pia yanatuliza misuli, nami nayashauri, mradi yasiunguze na yasikandwe juu ya mshono au tumbo.

Kuhusu kitambaa nina maoni tofauti kidogo. Kikifungwa kwa wastani humpa mama utulivu katika siku za mwanzo, hasa anaposimama au kukohoa, na sioni ubaya. Hakiimarishi msuli, kwa sababu kazi ya msuli inafanywa na nguo. Kikikazwa sana husukuma mgandamizo chini, kwenye misuli inayozuia mkojo, na mama huanza kuvuja anapocheka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu kwa watu wazima haupendekezi mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida, huku mazoezi yakiwa miongoni mwa yanayopendekezwa. Kwa hiyo, Mama, mfunge mkwe wako kwa upole, kwa siku chache, na umruhusu kutembea uani.

Mume kutoka Arua

Ndugu mtaalamu, mimi ni mkulima. Mke wangu alijifungua miezi minne iliyopita na ameanza kushika jembe. Jioni hawezi kunyoosha kiuno, na usiku hutoka jasho jingi. Hatuna jimu wala mkeka maalumu. Nimwambie afanye zoezi gani?

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Jinja

Ndugu yangu, kabla ya zoezi lolote nishughulikie hilo jasho la usiku. Katika majuma ya mwanzo baada ya kujifungua jasho ni la kawaida, lakini katika mwezi wa nne, likiandamana na maumivu ya mgongo, linahitaji kupimwa. Kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo hata kwa mtu asiyekohoa, na brusela, inayopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kuhudumia mifugo, huleta homa, jasho na maumivu ya kiuno. Yote mawili yapo nchini kwetu na yana dawa. Mpeleke kituo cha afya juma hili, na mweleze mhudumu kwamba anaumwa mgongo na anatoka jasho; mambo hayo mawili yatajwe pamoja. Si lazima iwe mojawapo ya hayo, lakini sitaki afanye mazoezi juu ya ugonjwa ambao haujatafutwa.

Niwataje na wengine wasiopaswa kungoja. Mama aliyekufa ganzi sehemu anazokalia au kati ya mapaja, aliyeshindwa kukojoa au kuzuia choo, au ambaye miguu inamlegea, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mwenye homa na maumivu ubavuni pamoja na mkojo unaochoma anaweza kuwa na maambukizi ya figo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, huenda damu imeganda. Na maumivu yanayoteremka hadi chini ya goti yakiambatana na ganzi yanahitaji kupimwa kwanza.

Akionekana hana tatizo, jimu haihitajiki. Mkeka wa kulalia na ukuta wa nyumba vinatosha. Aanze na lile la pumzi nililomweleza mwalimu, kisha asimame mgongo ukigusa ukuta, miguu ikiwa hatua moja mbele, ashuke kidogo kama anayetaka kuketi na kupanda tena. Hilo huimarisha mapaja, ambayo ndiyo yanayopaswa kuinua jerikeni. La lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji, na mapaja yakiwa dhaifu kiuno huzibeba peke yake. Shambani alime kwa vipindi vifupi, abadilishe mkono ulio mbele, na kila anapopumzika aweke viganja kiunoni na kujinyoosha kwenda nyuma mara chache. Mpini wa jembe ukiwa mrefu zaidi humpunguzia kuinama. Na maji, ndugu yangu, uyachote wewe kwa miezi hii.

Mwanzisha uzi (mwalimu, Mukono)

Nimejipima kama ulivyoelekeza, na pengo ni la kidole kimoja na nusu. Nimeacha kukaa upande kwenye bodaboda, na zoezi la mto linanipa nafuu ya wazi. Nina maswali mawili ya mwisho. Nitajuaje kwamba nimezidisha? Na mimi ndiye mkufunzi wa netiboli ya wasichana shuleni. Ni lini nitaweza kucheza nao? Kuna mwenzangu pia aliyenishauri niogelee ziwani.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Jinja

Kipimo cha kuzidisha ni asubuhi inayofuata. Maumivu madogo wakati wa zoezi, ambayo ungeyapa alama 3 au chini yake katika 10, na yanayotulia kabla ya kesho yake, yanavumilika. Ukiamka umekakamaa kuliko jana, punguza idadi kwa nusu badala ya kuacha kabisa. Mkojo ukivuja, ukihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, au damu ikaanza kutoka tena baada ya kukatika, rudi hatua moja nyuma na umwone mkunga.

Endelea na haya kila siku, mara mbili, hata dakika 10 tu kila mara, kisha uongeze kutembea kwa hatua fupi mahali tambarare. Vilima vya Mukono viache kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mwanamke aliyejifungua, asiye na kizuizi cha kitabibu, afikie dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli. Zifikie polepole. Kunyonyesha hakuzuii, na mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa. Nyonyesha kabla ya kuanza ili matiti yawe mepesi. Ukirudi darasani, usisimame muda wote kwa mguu mmoja. Weka kibao kidogo cha kukanyagia na ubadilishe miguu.

Kuogelea ni kuzuri kwa mgongo, ila kuwe katika bwawa lenye maji safi yaliyotiwa dawa, na damu ya uzazi iwe imekatika kabisa. Ziwa Viktoria lina kichocho, kwa hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote kufanya mazoezi ndani yake.

Netiboli ina kuruka, kusimama ghafla na kugeuka kwa mguu mmoja, yaani mambo yote ambayo kiungo chako cha nyonga kinayalalamikia sasa. Mwongozo wa wataalamu wa tiba ya viungo uliotolewa Uingereza mwaka 2019 unaweka kurudi kwenye kukimbia kuwa si kabla ya miezi 3, na hata hapo kwa masharti ambayo mimi huyatumia pia kwa michezo ya kuruka: uweze kutembea dakika 30, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kukimbia papo hapo dakika moja, na kuruka kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, bila maumivu, bila kuvuja mkojo na bila ule uzito wa chini. Upande wako wa kulia ndio utakaokupa jibu. Hadi wakati huo waongoze wasichana ukiwa pembeni mwa uwanja, na majaribio hayo yafanye ukiwa umepumzika, kwa siku tofauti, ukianza na la kusimama.